Kofia za maofisa wa Qing na mapambo ya kichwa ya wanawake wa Kimanchu

Msomaji wa Picha
Katika picha za enzi ya Qing, ambayo Wamanchu waliitawala China kuanzia 1644 hadi 1912, maofisa wamevaa kofia zenye kito utosini na unyoya wa tausi ulioelekea mgongoni, na wanawake wana pambo jeusi lililotanuka kushoto na kulia. Je, hivi vyote ni mila ya kale ya Wamanchu, na vilikuwa na maana gani?

Mwanahistoria
Kito kilitangaza cheo. Daraja la kwanza lilivaa yakuti nyekundu, la pili marijani, la tatu yakuti samawi, na madaraja ya chini kabisa dhahabu, hata mgeni akajua namna ya kumwamkia ofisa kabla ya kuambiwa jina lake. Unyoya ulikuwa jambo jingine: ulikuwa tunu ya mfalme, wenye jicho moja, mawili au, kwa nadra sana, matatu, na aliyeutoa aliweza kuutwaa. Li Hongzhang, kiongozi mkuu wa serikali na jeshi, alivuliwa unyoya wake wa macho matatu mwaka 1894, majeshi ya China yaliposhindwa na Wajapani, kisha akarudishiwa heshima zake alipohitajika kwenda kujadili amani. Naona hapo hila zaidi kuliko huruma.

Mpenzi wa Hariri
Kofia yenyewe ilifuata majira: ya baridi ilikuwa na ukingo wa manyoya au mahameli uliokunjwa kwenda juu, ya joto ilikuwa na umbo la koni, iliyosukwa kwa mianzi, na zote zilifunikwa kwa nyuzi nyekundu za hariri. Siku ya kubadilisha iliamriwa na serikali, kwa hiyo ofisa hakuivua ya baridi kwa kuwa tu ameona joto.

Pambo pana la wanawake si la kale kiasi hicho. Hapo awali nywele zenyewe zilizungushwa kwenye kibanio bapa utosini. Umbo kubwa la atlasi nyeusi lilienea mwishoni mwa karne ya 19, zama za Cixi, malkia mama aliyeshika hatamu za dola. Kwa sherehe kulikuwa na pambo la kichwa liitwalo dianzi, lililopambwa kwa lulu na manyoya ya buluu ya mdiria.

Mwanahistoria
Maofisa wa Kihan, kabila lenye watu wengi zaidi China, nao walilazimika kuvaa kofia hiyo, kwa hiyo ilionyesha utumishi kwa dola, si kabila la mvaaji. Wanawake wa Kihan hawakulazimishwa kufuata mavazi ya Kimanchu, na ndiyo sababu ukitaka kumtambua Mmanchu katika picha hizo, kichwa cha mwanamke kitakusaidia zaidi kuliko cha mumewe.