Kikundi cha "Wajukuu wa Muheza": Probox ya Igoma

ALHAMISI

06:41 Shangazi Rehema: Asalam aleykum ukoo. Nisomeni vizuri kabla hamjaenda makazini. Gari la Bibi limepatikana. Toyota Probox ya 2004, namba C, nyeupe, iko Mwanza, Igoma. Anataka milioni nne na laki tatu. Bei za Probox mnazijua, hii haifiki kesho kutwa.

06:42 Shangazi Rehema: [picha 6]

06:44 Shangazi Rehema: Muuzaji anataka advansi ya milioni moja leo kabla ya Magharibi. Kuna mtu wa Shinyanga anampigia kila saa. Kila mmoja aseme anatoa kiasi gani na lini.

07:33 Shangazi Rehema: Jamani? Naona tiki za buluu tu.

07:52 Chande: Shkamoo Shangazi. Picha ya tatu kuna kuku kalala juu ya boneti. Anauzwa pamoja?

07:53 Hadija: 😂😂😂

07:55 Chande: Kama ni mtetea mimi naongeza elfu hamsini

07:58 Shangazi Rehema: Chande nakuomba hela unaniletea kuku. Mwezi uliopita Bibi kakaa stendi ya Muheza mvua inamnyeshea, kaogopa kupanda ile Hiace kwa magoti yale, kliniki ya Bombo kaikosa. Kukodi gari kwenda na kurudi ni elfu themanini kila mara. Mnacheka?

08:01 Chande: Samahani Shangazi. Natoa laki moja mwisho wa mwezi.

08:20 Mwana Dar: Shkamoo Shangazi. Nani ameliona hilo gari?

08:22 Shangazi Rehema: Marahaba. Idi ndiye aliyelileta. Yuko huko huko.

08:47 Idi Geita: Shkamooni wote. Mimi sijaliona kwa macho. Jamaa wa kazini ndiye alinitumia hizo picha. Mwenye gari anasema lilikuwa la mwalimu mstaafu, analitoa Jumapili kanisani na siku ya soko, basi. Halijawahi kubeba abiria.

08:49 Mwana Dar: Geita na Mwanza Idi. Si pale tu?

08:53 Idi Geita: Ni kweli dada. Zamani ningesema foleni ya kivuko cha Busisi, sasa daraja lipo, hakuna kusubiri. Ni kazi tu, niko zamu ya usiku mpaka kesho.

08:54 Shangazi Rehema: Kwa hiyo tusubiri zamu ya Idi gari liende Shinyanga. Picha si mnaziona? Viti vizima, tairi zipo, redio ipo. Na Probox iko chini, Bibi anakaa halafu anavuta miguu ndani, hapandi. Noah hawezi. Kiti chake cha magurudumu kinaingia nyuma bila kukunjwa. Nilishampima na gari la jirani.

08:55 Shangazi Rehema: Andikeni.
1. Rehema 700,000
2. Chande 100,000 (mwisho wa mwezi)
3.

09:30 Mwana Dar: 3. Mwana 500,000. Lakini sitoi kabla mtu hajalikagua.

11:16 Shemeji Athumani: Shkamoo Shangazi. Nilikuwa chini ya gari la mtu hapa Korogwe, ndio nanawa mikono. Nimeangalia picha. Injini ya 1NZ ni nzuri, ina cheni, haina mkanda wa kukatikia njiani, na spea zake zimejaa kila duka. Gari lenyewe silikatai.

11:19 Shemeji Athumani: Ila vuteni picha ya tano, ya chini ya usukani. Mpira wa pedali ya breki umelika upande wa kulia mpaka chuma kinang'aa. Dashibodi inasoma kilometa 86,000. Mguu wa mwalimu wa kwenda kanisani hauli pedali hivyo. Hizo kilometa zimerudishwa.

11:21 Shemeji Athumani: Picha ya pili injini imeoshwa inametameta na chini ya gari ardhi ni mbichi. Injini ya gari la 2004 ikiwa safi kama sahani mimi nauliza ilikuwa inavuja wapi. Na nyuma limeinuliwa, tazameni pengo la tairi na bodi. Hizo spring zimeongezwa. Mtu haongezi spring abebe Biblia.

11:22 Chande: 😂😂 Biblia nzito hiyo

11:24 Shangazi Rehema: Athumani, kila gari la bei rahisi lina kasoro. Kasoro si ndiyo inayolifanya rahisi? Wewe ni fundi, utarekebisha.

11:26 Shemeji Athumani: Kurekebisha nitarekebisha. Kutoka Igoma kuja Muheza ni Shinyanga, Singida, Babati, Arusha, Moshi. Likichemsha usiku kabla ya Babati mimi siko pale.

12:40 Mwana Dar: Nimeingiza namba ya gari kwenye mtandao wa trafiki. Linadaiwa notisi tatu, elfu tisini. Moja mwendokasi. Mbili KUZIDISHA ABIRIA, Usagara na Misungwi.

12:41 Hadija: Haa

12:41 Chande: Mwalimu alikuwa anapeleka darasa zima kanisani

12:44 Idi Geita: Jamani mimi nimeambiwa hivyo hivyo nilivyowaambia. Ngoja nimpigie jamaa.

12:45 Mwana Dar: Na kadi ya gari iko kwa jina la nani? Muulize Idi. Kama ni la mtu wa tatu ambaye hayupo, TRA hatubadilishi jina. Tutabaki na gari la marehemu mwingine.

13:10 Baba Mdogo Bakari: Nimewasoma toka asubuhi. Mnachambua gari kama mnaoa. Hakuna gari la zamani lisilo na historia. Changeni hela zitumwe kwangu, nitaongea na muuzaji, nitamshusha mpaka nne kamili, nalituma lori linalorudi tupu lilibebe. Mnaacha wanawake na watoto wahangaike na madalali.

13:12 Shangazi Rehema: Bakari na wewe andika jina kwenye orodha basi.

13:13 Baba Mdogo Bakari: Mimi natoa usimamizi.

13:58 Shangazi Zubeda Muscat: Wa aleykum salaam. Nilikuwa kazini. Nimesoma yote. Nilisema natoa milioni mbili na neno langu ni lile lile, ni kwa ajili ya Mama. Lakini hela yangu haipiti kwa mtu aliyeuza Peugeot 504 ya Baba.

14:02 Hadija: 😶

14:05 Baba Mdogo Bakari: Zubeda unaanza.

14:06 Shangazi Zubeda Muscat: Sijaanza. Wewe ndiye ulianza, sisi tulikuwa Mombasa harusini.

14:09 Baba Mdogo Bakari: Baba yuko wodini Bombo, dawa zinanunuliwa nje, kila siku naambiwa lete. Ninyi mko harusini. Ningelipa na nini? Na lile gari gasketi ya hedi ilishaungua mara ngapi, lilikuwa linasukumwa na watoto wa mtaa mzima kila asubuhi.

14:11 Shangazi Zubeda Muscat: Gari la Baba lilikuwa na viti safu tatu, ukoo wote tulienda nalo Pangani. Alikwenda Mombasa kulichukua mwenyewe. Nilitaka kuulizwa tu. Hata risiti hatukuonyeshwa.

14:12 Baba Mdogo Bakari: Risiti ya mwaka gani huo wewe

14:12 Shangazi Rehema: Basi. BASI. Hapa tunazungumza Probox.

14:13 Chande: Safu tatu? Tulikuwa na gari la safu tatu? Mimi nilidhani ni hadithi

14:13 Mwana Dar: Chande kaa kimya kidogo.

14:15 *Baba Mdogo Bakari ametoka kwenye kikundi*

14:18 *Shangazi Rehema amemwongeza Baba Mdogo Bakari*

14:40 Shangazi Rehema: Muuzaji kapiga. Kasema tukituma laki tano tu analishikilia. Na bei ameshusha, milioni nne.

14:43 Shemeji Athumani: Asubuhi mtu wa Shinyanga yuko mlangoni. Saa nane bei inashuka bila kuombwa. Shangazi, usitume.

14:44 Shangazi Rehema: Mnanipa kazi ya kukataa tu. Hakuna anayenipa gari.

16:27 Hadija: Jamani Bibi alikuwa ananiuliza mbona nasoma simu huku nimenuna. Nimemsomea. Akasema nimshikie arekodi.

16:28 Hadija: [ujumbe wa sauti 1:48]

16:36 Hadija: Nawaandikia walioko kazini, kama alivyosema:
"Bakari, Zubeda, nyamazeni. Gari la baba yenu lilitoka uani mimi nipo ndani naswali Alasiri. Nikatoka nikakuta alama za matairi mchangani. Sikumuuliza mtu, nilijua lilikoenda na nilijua kwa nini. Bakari hakuila hela ile. Alinunua dawa, na zilizobaki alinunua sanda. Mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Sasa mnataka kuniletea gari jingine hamna hata mmoja aliyeliona. Miguu itakayoingia humo ni yangu. Aende mtoto mmoja akalikalie hapo nitakapokaa mimi, liwashwe asikie, ndipo mtoe hela. Huyo mtu wa Shinyanga akilichukua, ni riziki yake. Rehema mwanangu, mvua haikuniua. Pumzika."

17:20 Mwana Dar: Tumekusikia Bibi.

17:21 Idi Geita: Tumekusikia Bibi. Kesho natoka zamu, Jumamosi naenda Igoma.

18:02 Shemeji Athumani: Idi, usimwambie unafika saa ngapi. Ukifika, kabla ya salamu weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ameliwasha ili usisikie linavyoamka. Subiri lipoe. Likiwashwa simama nyuma, moshi wa buluu linakula oili. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda, aga uondoke, maji yameingia. Nina fundi mwenzangu Nyakato, nilijifunza naye kazi. Atakuja kwa elfu thelathini, alale chini alitazame.

18:05 Shangazi Rehema: Haya. Bibi kasema. Idi Jumamosi, na fundi wa Athumani. Picha ya kadi nataka nione jina. Faini alipe mwenyewe kabla. Nani anatoa elfu thelathini ya fundi?

18:50 Shangazi Rehema: Nani anatoa elfu thelathini?

19:31 Baba Mdogo Bakari: Natoa mimi. Na nitaenda mwenyewe nikutane na Idi huko. Nauli yangu najilipia. Kesho alfajiri napanda basi.

19:33 Shangazi Rehema: Allah akujaalie. Zubeda umesoma?

20:14 Shangazi Rehema: Zubeda?

IJUMAA

05:37 Baba Mdogo Bakari: Nimeshapanda. Tupo Segera.

07:05 Shangazi Rehema: Safari njema. Narudia orodha.
1. Rehema 700,000
2. Chande 100,000 (mwisho wa mwezi)
3. Mwana 500,000 (baada ya ukaguzi)
4. Zubeda 2,000,000 (bado anapitisha kwa nani?)
5. Bakari 30,000 fundi
6. Idi ?
Bado haifiki nne. Wengine kumi na mmoja mmo humu mnasoma tu.

09:48 Shangazi Zubeda Muscat: Mwambieni Bakari akifika anipigie picha ya kiti cha mbele, mlango ukiwa wazi. Nataka kuona Mama atakavyokaa.

10:22 Idi Geita: Shangazi, muuzaji anasema Jumamosi gari litakuwa Magu, limepeleka watu msibani. Anasema Jumapili jioni. Na kadi ataitafuta.

10:23 Shangazi Rehema: Limepeleka watu??

10:23 Shangazi Rehema: Bakari yuko wapi sasa hivi? Simu yake haipatikani.

10:31 Idi Geita: Atakuwa njiani bado. Nibadilishe siku au niende Magu?