Paka na maua ya ndani: tupeane uzoefu, nyie mmewezaje?

Ndugu zangu, naanza mimi. Niko Kireka, karibu na Kampala, nyumba ya kupanga, sebule ina dirisha moja tu linalopata jua la asubuhi, na hapo ndipo vilipo vyungu vyangu saba. Maua mengi nimeyanunua kwa wale wauzaji wa kando ya barabara, yakiwa bado kwenye kavera nyeusi, ile mifuko ya plastiki. Paka ninaye mmoja, Mukene. Jina amelipata kwa tabia: mukene, yaani dagaa, wakikaangwa nyumba ya tatu, yeye ndiye anayepiga kelele. Kumfukuza siwezi, kabla hajaja panya walikuwa wanakula mpaka sabuni.

Shida yetu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Unasikia kwaru, kwaru, kwaru. Ukiwasha taa, bwana yuko juu ya chungu kikubwa, mkia umenyooka, anakutazama kama mtu uliyemfungulia mlango wa choo bila hodi. Akimaliza anafukia, udongo nusu chunguni, nusu kwenye mkeka. Nimepiga kelele, nimerusha kandambili, nimemmwagia maji. Alichojifunza ni kusubiri nilale.

Ndipo nikaliangalia beseni lake la mchanga. Nilikuwa nimeliweka mlango wa uani, watoto wanapita wakikimbia, na nalisafisha Jumapili kwa Jumapili. Hata mimi nisingeingia humo. Nikalihamishia kona tulivu, nikawa nautoa uchafu asubuhi na jioni. Vyunguni nikapanga mawe ya ukubwa wa yai juu ya udongo, yamebanana, maji yanapita ila kucha haipati pa kuchimba. Wiki mbili akaacha. Kutafuna majani ndiko bado. Haya, semeni.

Mpangaji wa Nsambya: Mimi naishi muzigo, chumba kimoja na pazia katikati. Nilitundika maua yote juu kwa kamba, paka akawa anaruka kutoka juu ya kabati. Nikahamisha kabati. Sasa nguo sizifikii vizuri lakini maua yamepona.

Mama Pacha, Jinja: Maganda ya machungwa yanafanya kazi siku mbili, yakikauka ni takataka tu. Sasa sikilizeni ujinga wangu. Jirani aliniambia nitie vyunguni vile vidonge vyeupe vya kabatini, naftalini. Nikatia. Jioni nikakuta paka anakisukuma kimoja sakafuni kwa mkono kama mpira, na mtoto wangu mdogo yuko nyuma yake anatambaa kukifuata. Nilivikusanya natetemeka.

Daktari wa Mifugo, Entebbe: Mama Pacha, Mungu alikuwa nanyi. Naftalini ni sumu kwa paka na kwa mtoto pia. Na kwa kuwa naona mtu atakuja kusema machicha ya kahawa, niseme kabla: paka anachukia harufu, sawa, lakini kafeini inamdhuru akiyala. Pilipili ya unga nayo acheni. Inaganda kwenye nyayo, anailamba, anajipaka machoni.

Wa Bombo: Langu lilikuwa lile ua la majani mapana yenye madoa meupe, linalopendwa sana maofisini. Nilirudi nikamkuta paka chini ya meza, udenda unamtoka mpaka kifua kimelowa, anajikuna mdomo kwa mikono miwili. Jani lilikuwa na alama za meno mawili, basi. Nilitaka kumpa maziwa ya moto atapike, dada yangu akanizuia. Tukamsafisha mdomo kwa maji na kumkimbiza kwa daktari na boda, amefungwa kwenye leso. Alipona, ila siku nzima hakugusa chakula.

Daktari wa Mifugo, Entebbe: Dada yako alifanya vizuri, msilazimishe kutapika. Ua hilo, na mani planti pia, ule mmea wa kutambaa, yana vijiwe vidogo kama sindano vinavyochoma ulimi. Maumivu makali, lakini mara nyingi mnyama anapona. Ninalowaomba mlihofu kweli ni yungiyungi la kwenye mashada. Jani, chavua iliyomwangukia manyoya akailamba, hata maji ya chombo, vyote vinaua figo. Usingoje uone dalili, siku hiyohiyo mpelekeni. Mshubiri pia uhamisheni, usiuonee huruma kwa kuwa ni dawa kwetu. Mawaridi hayana neno, labda mwiba.

Mkulima, Kapchorwa: Paka anataka majani, mpe ya kwake. Sisi huku tunalima ngano. Nachukua gao moja, naloweka usiku, napanda kwenye kopo la siagi lililotobolewa chini. Siku saba hivi inafika kimo cha kidole, naiweka pale anapolala. Maua ya mke wangu hajayagusa tangu hapo. Ila mtama msipande: ukiwa bado mchanga una sumu, wafugaji wa ng'ombe wanajua.

Mwanzisha mada: Mkulima, asante ssebo. Kwa hiyo nimwekee kopo dirishani pamoja na vyungu?

Mkulima, Kapchorwa: Hapana nnyabo, mbali na vyungu. Ukiyaweka pamoja unamwambia dirishani ndiko mezani.

Wa Mbale: Jamani, na kama paka si wako? Anaingia dirishani, ananyea mani planti yangu, anatoka. Mawe nimeweka, anayasukuma mpaka yanaanguka. Ni wa mwenye nyumba, na kodi ya mwezi huu bado sijalipa.