Naomba ushauri: pedeli za simuleta ya ndege zinavuta kushoto

Wakuu habari za mchana. Niko Dodoma, Nkuhungu, nimejitengenezea pedeli za miguu za kugeuzia mkia wa ndege kwenye simuleta (gemu ya kompyuta ya kurusha ndege), mbao ni mabaki ya mninga kwa fundi kabati, beringi mbili za bodaboda na springi za geti, pale katikati inapozungukia nimefunga voliamu ya redio ya kilo-omu 10 isome pedeli imegeuka kiasi gani, halafu waya zinaingia kwenye Arduino Leonardo (kibao kidogo cha saketi cha kuprogramu), maana hiyo kompyuta inaiona moja kwa moja kama joistiki (usukani wa gemu), Arduino aina ya Uno inasumbua.

Wiki 2 za kwanza poa kabisa. Sasa nikiachia miguu ndege inavuta kushoto yenyewe na kwenye skrini ule mshale unatetemeka kama una homa. Nimefungua voliamu, ndani vumbi jekundu tupu, si mnajua upepo wa huku kiangazi. Nikapuliza, ikatulia siku mbili, ikarudi kule kule.

Jamaa mmoja anasema nihamie sensa ya sumaku kwa vile haina kinachosuguana. Sumaku niliyonayo ni ya spika mbovu, itafaa au ni kubwa mno? Na springi nazo, moja kila upande au moja tu katikati? Wife kashachoka na mbao sebuleni, fanyeni haraka jamani.