DNA ya mgomba inasoma nyingi kwenye mashine, lakini PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) haitoi kitu. Nianzie wapi?

MbeguMchare (Arusha)
Habari zenu wakuu. Nasoma uzamivu wa baiolojia ya molekuli hapa Arusha. Utafiti wangu ni tofauti za kijenetiki kati ya migomba ya Mchare ya mashamba ya Kilimanjaro, kwa alama za SSR (sehemu za DNA zenye herufi chache zinazojirudia).

Natoa DNA kwa CTAB (aina ya sabuni inayopasua seli): jani bichi miligramu 300, bafa mililita 1, nyuzi 65 kwa nusu saa, klorofomu mara moja, kisha isopropanoli. Mashapo yanatoka ya kahawia na yana utelezi. Spektrofotometa inasoma nanogramu 900 kwa maikrolita, uwiano wa usafi wa 260/280 ni 1.7, wa 260/230 ni 0.6. PCR haitoi bendi hata moja, ilhali DNA ya mwenzangu kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) zilezile inatoka safi. Nimepandisha magnesiamu na kushusha joto la praima, hakuna kilichobadilika. Je, niagize praima nyingine?

BafaMoto (Tengeru)
Praima usiziguse. DNA ya mwenzako imetoka, kwa hiyo mchanganyiko wako wa PCR ni mzima na ubaya umo kwenye DNA yenyewe. Hiyo 0.6 ndiyo ya kuangalia. DNA safi huwa 2.0 hivi. Una polisakaridi (sukari zenye utelezi) na polifenoli (kemikali za mmea zinazogeuka kahawia), na zote mbili huzuia polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA. Wala 900 usiiamini, maana RNA na fenoli nazo hunyonya mwanga eneo hilohilo.

Kabla ya kutoa DNA upya, pata uhakika. Punguza sampuli moja kwa maji mara 10, mara 50 na mara 100, uziendeshe pamoja. Pembeni weka tyubu yenye DNA ya mwenzako, uiongezee maikrolita 1 ya DNA yako isiyopunguzwa. Bendi yake ikipotea, vizuizi vipo. Ikibaki, basi DNA yako imekatika au ni kidogo, na jeli ya agarosi 0.8% itakuonyesha: iliyo nzima ni bendi moja nzito karibu na vishimo vya kupakia sampuli, iliyokatika ni moshi unaoshuka. Inayong'aa ndani ya kishimo bila kutembea mara nyingi imeshikwa na polisakaridi. Na sampuli ikielea na kutoka kishimoni wakati wa kupakia, ethanoli haijakauka.

Sasa utoaji. Miligramu 300 kwa mililita 1 ni nyingi mno, bafa inazidiwa. Weka 100 kwa maikrolita 800 za bafa iliyokwisha kupashwa. Bafa iwe CTAB 2%, NaCl molari 1.4, EDTA milimolari 20, Tris milimolari 100 ya pH 8, na PVP 2%, inayofunga polifenoli. Bita-merkaptoethanoli 0.2% hadi 1% iongezwe siku hiyohiyo, ndani ya kabati la kuvuta hewa. Hukuitaja, na rangi ya kahawia inanifanya nidhani haimo: polifenoli zikishaoksidika hung'ang'ania DNA, na hakuna kuosha kutakakoziondoa.

Klorofomu na isoamili alkoholi (24:1) zipite mara mbili, au mpaka tabaka la katikati liwe safi. Halafu, badala ya isopropanoli, pima maji ya juu, ongeza nusu ya ujazo wake ya NaCl molari 5, changanya, ndipo uweke ethanoli baridi mara mbili ya ujazo wote. Chumvi ikiwa nyingi, DNA hushuka na polisakaridi nyingi hubaki zimeyeyuka. Hatua hii ndiyo itakayokuondolea ule utelezi. Osha mara mbili kwa ethanoli 70%, kwa sababu chumvi ikibaki nayo inaua PCR.

Kibo_Lab (Moshi)
Naongezea upande wa shambani. Chukua jani changa ambalo bado limejisokota, halijafunguka. Polifenoli zake ni chache. Acha mshipa mkubwa wa kati. Jani likisafiri kwenye mfuko wa plastiki kutoka Machame hadi Arusha linafika limeshaanza kuwa jeusi, na bafa haiwezi kurudisha kilichoharibika njiani. Likate vipande vyembamba palepale, uvizike kwenye silika jeli isiyopungua mara 10 ya uzito wa jani. Likikauka ndani ya siku moja litasagika kwa kinu na mchi bila shida. Hapo tumia miligramu 20 tu. Ukitaka kusaga bichi kwa naitrojeni ya maji, waulize kituo cha uhimilishaji cha NAIC pale Usa River, maana huitumia kuhifadhi mbegu za ng'ombe.

Jambo jingine ni baridi. CTAB huganda na kutuama joto likiwa chini ya nyuzi 15. Asubuhi za Juni na Julai huko Arusha chupa ikilala mezani unakuta ina fuwele chini. Ipashe mpaka iwe angavu. Sentrifyuji nayo iweke nyuzi 20 wakati wa klorofomu, si 4.

MbeguMchare (Arusha)
Asanteni sana wakuu. Nimepunguza mara 50, bendi imetoka ila hafifu. Naweza kuendelea hivyo kwa sampuli zote?

BafaMoto (Tengeru)
Kwa kujua tatizo, inatosha. Kwa data ya tasnifu, hapana. Mchare ni diploidi (ina seti mbili za kromosomu), kwa hiyo mmea wenye aleli (matoleo ya sehemu moja ya DNA) mbili tofauti unatakiwa kutoa vilele viwili kwenye usomaji wa mashine. DNA ikiwa kidogo sana, aleli moja inaweza kushindwa kukuzwa, na mmea ukasomeka kama una aleli ya aina moja. Hakuna mashine itakayokuonya. Tarakimu za utofauti zitapotoka kimyakimya.

Toa upya, pima kwa fluorometa, kila PCR ipate nanogramu 10 hadi 20. Yeyushia bafa ya TE (Tris na EDTA) yenye EDTA milimolari 0.1, si 1, kwa kuwa EDTA hufunga magnesiamu. Sampuli chache zikibaki sugu, ongeza BSA (protini inayofunga vizuizi) maikrogramu 0.2 hadi 0.4 kwa maikrolita. Rudia asilimia 10 ya sampuli kuanzia kwenye jani, si kuanzia kwenye PCR, ili uandike kiwango chako cha makosa. Na kila kundi liwe na tyubu moja isiyo na jani, inayopitia hatua zote hadi kwenye jeli.