Mikwaruzo kwenye bunduki baada ya kubadili triga nyumbani: dawa ya kuweusha, rangi au niache?

MtotoWaUkerewe
Wakuu, habari za Jumapili. Nimebadili triga na kishikio cha bolti mwenyewe, mezani jikoni, video ikiwa mbele yangu. Kazi imekubali, ila nyundo iliteleza mara mbili. Sasa upande wa kushoto kuna mikwaruzo mitatu inang'aa, mmoja una urefu wa kucha ya kidole gumba. Bunduki ina wiki tatu tu, kila nikiiangalia roho inauma. Dukani nimeona dawa ya kuweusha na kalamu ya rangi, na jamaa mmoja kanishauri niipige nzima Cerakote, ile rangi ngumu ya kupulizia. Ipi bora? Natanguliza shukrani.

KobeMzee
Bunduki gani mkuu? Chuma au alumini? Uko jimbo gani? Unaomba dawa bila kutaja ugonjwa.

DadaTukuyu_TX
Na picha iko wapi? Ukipiga, ziba namba ya bunduki.

SimbaWaMinnesota
Chukua makapeni nyeusi, umemaliza. Yangu ina miaka sita na wino wake, na hakuna kulungu aliyewahi kulalamika.

KobeMzee
Makapeni inatoka na mafuta ya kusafishia. Pangusa mara mbili inabaki zambarau.

SimbaWaMinnesota
Si unapaka tena? Kwani wino umekwisha duniani?

FundiMstaafu
Mwanangu, kabla hujagusa dawa ya kuweusha nisikilize. Nilinunua bunduki kuukuu ya .30-30, chuma kitupu, ya rangi ile ya bluu-nyeusi ya zamani. Nikabadili saiti ya nyuma, kigongeo (kile kipini cha kugongea kwa nyundo) kikaparuza mtutu. Mkwaruzo mdogo, kama uzi. Nikanunua kichupa cha dawa ya kuweusha, ile ya baridi, nikapangusa mtutu kwa tishu, nikapaka. Kumbe mafuta yalikuwa bado yapo, tishu ilikuwa inayasambaza tu. Sehemu moja ikashika nyeusi, ya pembeni ikawa kama senti ya shaba. Nikaongeza. Ikazidi. Mke wangu akauliza ni nini kinanuka kama kitunguu kilichooza, nikamwambia nenda ukalale.

Sikuosha vizuri, sikupaka mafuta ya kutosha, nikairudisha kwenye begi lake lenye sponji. Baada ya wiki mbili nafungua, kutu nyekundu kama udongo wa Iringa. Nikachukua msasa (hapo ndipo nilipojimaliza). Mkwaruzo wa uzi ukawa kiraka cha upana wa kiganja. Fundi wa silaha aliponitajia bei ya kuchovya mtutu mzima upya, ilikaribia nusu ya nilivyoinunulia bunduki yenyewe.

Leo ningefanya hivi: asetoni mara mbili, glavu, kupasha chuma kidogo kwa drai ya nywele, kupaka kidogo kidogo kwa pamba, kuosha, kisha mafuta mengi. Ile dawa ina seleniamu, si ya kushika kwa mikono mitupu.

BabuKilosa
Nyie mnabadili triga jikoni? Huku kwangu hata kumpelekea fundi naenda na kibali mfukoni. Ila mimi nasema silaha ni kitako cha mbao bwana. Kikibonyea unaweka kitambaa kibichi, unapitisha pasi ya moto, mbao inanyanyuka yenyewe. Hizo plastiki na alumini zenu hazina tiba.

SimbaWaMinnesota
Babu, pasi inanyanyua palipobonyea. Palipokatika nyuzi hapanyanyuki.

BabuKilosa
Nimepiga pasi vitako kabla hujazaliwa.

MtotoWaUkerewe
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni AR-15, niko Texas. Nimejaribu sumaku, haishiki. Kigongeo nilichotumia ni cha shaba, nyundo pia.

KobeMzee
Ungesema tangu mwanzo. Risiva hizo, yaani bodi ya bunduki, nyingi ni alumini ya 7075 na ule weusi si rangi ya kupaka. Ni anodaizi: alumini yenyewe imetiwa kwenye tindikali, umeme ukapitishwa, ikaota gamba gumu. Kwa hiyo dawa ya chuma aliyosimulia Mzee Fundi hapo haifanyi kitu.

Lakini subiri. Gamba hilo ni gumu kuliko shaba. Shaba ikiliparuza, mara nyingi inayoachwa juu ni shaba, kama chaki ubaoni. Chukua kitambaa chenye mafuta, sugua kila mkwaruzo, urudi.

MtotoWaUkerewe
Mkuu! Miwili imefutika kabisa, kitambaa kimetoka na unjano. Ule mrefu umebaki. Ukipitisha kucha inakwama kidogo, ndani ni kweupe.

KobeMzee
Huo ndio wa kweli. Birchwood Casey wana dawa ya alumini, Aluminum Black. Inashika palipo uchi tu. Itakuwa kijivu cheusi, haitalingana sawasawa.

DadaTukuyu_TX
Kwa nini ahangaike na viraka? Apige Cerakote, amalize. Yangu iko rangi ya mchanga, watu wananiuliza nimenunua wapi.

KobeMzee
Kwa mkwaruzo mmoja? Aivue yote, ipigwe mchanga, ipuliziwe, halafu oveni nyuzi 121 kwa saa mbili. Na ile risiva ya chini ndiyo yenye namba, kisheria ndiyo bunduki. Ikilala kwa fundi lazima awe na leseni na aiandike kitabuni. Wala mtu asipitishe msasa kwenye namba, hilo ni kosa la shirikisho.

SimbaWaMinnesota
Na asije akatumia oveni ya kuokea kuku.

DadaTukuyu_TX
Kuna ya kukauka kwa hewa, haihitaji oveni. Kobe wewe unapinga kila kitu kinachopendeza.

FundiMstaafu
Mimi ningeuacha. Msimu mmoja tu porini, utakuwa na wenzake kumi.

BabuKilosa
Mbao.

KobeMzee
Mtoto, kabla ya urembo. Baada ya kubadili triga ulijaribu usalama? Bila risasi, chemba umeitazama kwa macho, weka selekta (kile kiswichi cha pembeni) kwenye usalama, vuta triga. Nyundo ya ndani ya bunduki isianguke.

MtotoWaUkerewe
Selekta inazunguka tu kirahisi, haikwami popote. Nilidhani ni kwa sababu triga ni mpya.

KobeMzee
Inatakiwa ikwame. Chini yake kuna kipini kidogo na springi inayoingilia kwenye mkono wa kushikia bunduki. Viko wapi?

MtotoWaUkerewe
Ngoja.

MtotoWaUkerewe
Kuna springi moja hapa kwenye sahani ya ndimu.

DadaTukuyu_TX
Sasa PICHA.