Naomba ushauri: oili ya injini inapanda, gari la dizeli lenye DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi) linatumia baiodizeli 30%

Wakuu, habari za mchana. Naomba msaada wa wanaozijua dizeli za kisasa.

Gari ni komoni reli (nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa), lita 2.0, lina DPF, na kila siku linakaa kwenye foleni ya Kimara hadi Posta. Tangini ni 30% baiodizeli ya mafuta yaliyokaangia chipsi, 70% dizeli ya sheli. Baiodizeli inaoshwa kwa maji mara 3 na kukaushwa vizuri. Filta iliziba mwanzoni (kawaida, inang'oa uchafu wa zamani tangini), ikabadilishwa, sasa shwari.

Tatizo ni oili. Baada ya kilomita 3,000 stiki inasoma sentimita 1 juu ya alama ya mwisho, na oili imekuwa nyepesi. Nozeli zimepimwa, hazivuji. Nashuku DPF inapojichoma kuondoa masizi: mafuta ya ziada yanayopulizwa kwenye silinda yanapenya kwenye oili, dizeli huvukiza, baiodizeli hubaki kwa kuwa huchemka kwenye joto kubwa zaidi.

Maswali mawili: nikishuka hadi baiodizeli 7% itatosha kwa safari hizi za foleni, au niache kabisa? Na kwa sasa oili nimwage kila kilomita ngapi? Kutoboa DPF (kuondoa chujio lake la ndani) sitaki, tusifike huko.