Berlin Philharmonic: je, ni kweli wanamuziki ndio wanaomchagua kiongozi wao?

Mpenda Simfoni:
Wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Nimesikia kwamba wanamuziki wa Berlin Philharmonic, okestra maarufu ya Ujerumani, hupiga kura kumchagua mwongozaji wao mkuu. Utaratibu huo ulianzaje, na je, ndio uliowafikisha walipo, au sifa ni ya waongozaji wao mashuhuri kama Herbert von Karajan?

Mpiga Fidla:
Chanzo chake ni ugomvi. Mwaka 1882 wanamuziki 54 waliachana na Benjamin Bilse, mwenye bendi waliyoitumikia, walipochoshwa na masharti yake, ikiwemo safari ya Warsaw ambayo alitaka waifunge kwa behewa la daraja la nne. Wakaunda okestra yao wenyewe, na tangu hapo kuamua kwa pamoja kukawa desturi. Waongozaji nao wana mchango wao: Hans von Bülow, aliyeanza mwaka 1887, aliwazoesha mazoezi makali, na Arthur Nikisch alirekodi nao Simfoni ya Tano ya Beethoven mwaka 1913.

Msomaji wa Historia:
Ni sawa, ila tusiipambe historia hii kupita kiasi. Chini ya utawala wa Wanazi okestra ilimilikiwa na dola, na wanamuziki wa Kiyahudi, akiwemo Szymon Goldberg aliyekuwa kinara wa fidla, walilazimika kuondoka. Tena mwanamke wa kwanza, Madeleine Carruzzo, aliingia mwaka 1982, miaka 100 baada ya okestra kuundwa, kwa hiyo kura hiyo haikuwa kinga dhidi ya ubaguzi.

Mpiga Fidla:
Nakubali, ndugu, na mfano mchungu zaidi ni wa Sabine Meyer, mpiga klarineti ambaye Karajan alimtaka kwa kila hali. Wanamuziki walidai sauti yake haichangamani na yao (wapo wanaoamini kwamba tatizo lilikuwa jinsia), na Karajan, pamoja na ukubwa wake wote, hakufua dafu. Meyer akaondoka mwaka 1984. Hata mwaka 2015, walipokutana kanisani Berlin kumtafuta mrithi wa Simon Rattle, mwongozaji wao mkuu wakati huo, walijadiliana kwa takribani saa 11 wakatoka mikono mitupu, hadi mwezi uliofuata walipomchagua Kirill Petrenko.

Kuhusu ubora, binafsi naona siri haiko sana katika kumchagua mwongozaji, bali katika kuchaguana wenyewe: anayeomba nafasi hupiga ala mbele ya okestra, akifaulu huwekwa katika kipindi cha majaribio, kisha wale wale watakaoketi naye kila jioni hupiga kura abaki au aende.